Sakafu ya mbao katika banda la kuku: kinachopakwa juu yake huweza kufika kwenye yai

Kuku hula juu ya sakafu, huparua sakafu na hulala juu ya sakafu. Kwa hiyo, kuchagua dawa ya kupaka mbao na kifuniko cha kuziba nyufa ni jambo linalohusu afya ya watu sawa na linavyohusu uimara wa jengo. Makala hii inaeleza jinsi sakafu ya mbao inavyoharibika, dawa zinazofaa na zile za kuepukwa, vifuniko vinavyodumu, na majira yanayofaa kwa kazi hiyo hapa Burundi na katika nchi jirani zenye hali ya hewa inayofanana.

Kwa nini mbao, na kwa nini juu ya nguzo

Katika uwanda wa Imbo, kuanzia Gatumba na Bujumbura hadi Rumonge na Nyanza-Lac, ardhi hulowa kwa miezi mingi ya mwaka. Mvua huanza kwa kawaida mwezi Septemba au Oktoba, hupungua kidogo mwezi Januari, kisha hurudi kwa nguvu hadi Mei. Mafuriko yaliyoshuhudiwa kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika tangu mwaka 2020 yamewakumbusha wakazi wengi kwamba banda lililo chini huweza kujaa maji kwa usiku mmoja.

Banda lililoinuliwa nusu mita au zaidi juu ya nguzo huwaepusha kuku na maji ya mafuriko madogo, panya, nyoka na vicheche. Upepo hupita chini yake na kukausha mbao. Tena ni rahisi kulihamisha kwa mwenye uwanja mdogo wa mjini au kwa mpangaji asiyeruhusiwa kumwaga saruji katika kiwanja cha mwenyewe.

Hata hivyo, mbao ina udhaifu ambao saruji haina. Hunywa maji, huvimba na kusinyaa, hupasuka, huliwa na mchwa na kubunguliwa na wadudu. Ndiyo maana wafugaji wengi hukimbilia kuipaka chochote kinachonuka vikali, kwa imani kwamba kinachomfukuza mdudu ni kizuri kwa mbao na hakimdhuru kuku. Imani hiyo ndiyo yenye hatari.

Adui wa kwanza ni maji, na mengi hutoka ndani

Kuku mmoja mzima hutoa takribani gramu 100 hadi 150 za kinyesi kibichi kwa siku, na karibu robo tatu ya uzito huo ni maji. Kwa hiyo kuku 20 wanaokaa bandani mchana na usiku huweka sakafuni kilo 2 au zaidi kila siku, zenye kiasi cha lita moja na nusu ya maji. Kwa mwezi mmoja, hayo ni zaidi ya madumu mawili ya lita 20, hata kama paa halivuji tone.

Juu ya hayo huongezeka maji ya kunywea yanayomwagika. Chombo kilichowekwa sakafuni hupinduliwa na kupandwa, na mara nyingi mbao za kwanza kuoza ni zile zilizo chini yake, wala si zile zilizo karibu na mlango ambako mvua huingia.

Kuvu anayeozesha mbao hawezi kuishi katika mbao kavu. Mbao ambayo unyevu wake haufiki asilimia 20 ya uzito wake mkavu haiozi, hata ikiwa haijapakwa dawa yoyote. Kwa upande mwingine, mbao iliyopakwa dawa kali lakini inalowa kila siku bila kupata nafasi ya kukauka itaoza tu, ingawa itachelewa. Hapa ndipo penye kanuni ambayo mengine yote katika makala hii yanaifuata: kwanza zuia maji, kisha funika, na mwisho ndipo ufikirie cha kupaka.

Yanayoishi katika ufa na unyevu

Sakafu mbovu huwatesa kuku kwa njia tatu.

Ya kwanza ni utitiri. Mdudu huyu mdogo, wa rangi ya kijivu kabla ya kula na mwekundu baada ya kushiba damu, hujificha mchana katika nyufa za mbao, chini ya vifuniko na kwenye maungio ya vichanja. Usiku hutoka na kunyonya damu ya kuku waliolala. Katika joto la kwetu, siku 7 hadi 10 zinatosha kwa yai lake kuwa mdudu mzima, na anaweza kukaa zaidi ya nusu mwaka bila kula. Kuwaondoa kuku kwa mwezi mmoja hakuliponyi banda. Dalili zake ni kuku kukataa kuingia ndani jioni, vishungi kupauka, mayai kupungua, na vumbi la kijivu kwenye nyufa ambalo huacha alama nyekundu likisuguliwa kwa kidole.

Ya pili ni koksidiosi, ugonjwa wa kuhara damu unaowaua hasa vifaranga wa wiki 3 hadi 6. Vijiyai vya kimelea chake hutoka na kinyesi, lakini haviwezi kuambukiza mara moja. Vinahitaji joto, hewa na unyevu kwa siku moja au mbili ili vikomae. Sakafu kavu huvinyima unyevu huo. Dawa nyingi za kawaida za kuulia vijidudu hazivifikii ndani ya ganda lao, na kwa sababu hiyo ukavu una thamani kuliko chupa ya dawa.

Ya tatu ni amonia, ile harufu inayochoma macho. Hutokea pale kinyesi kibichi kinapooza katika unyevu. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2007 kuhusu kuku wa nyama inataka kiwango cha amonia kisizidi sehemu 20 katika milioni moja za hewa, kikipimwa kwenye kimo cha kichwa cha kuku. Pua ya binadamu huanza kuhisi amonia karibu na kiwango hicho. Mfugaji hana haja ya chombo cha kupimia. Achutame hadi kichwa chake kilingane na cha kuku, avute pumzi, na ikiwa macho yanamchoma, basi kuku wake wanaumia tayari.

Visivyopaswa kugusa sakafu

Kuku huokota. Siku nzima hudonoa punje zilizoanguka, vijiwe, wadudu na vipande vya mbao. Sumu zinazoyeyuka katika mafuta humpitia na kujikusanya katika mafuta ya mwili na katika kiini cha yai. Mwaka 1999 nchini Ubelgiji, mafuta ya viwandani yenye sumu iitwayo PCB, ya aina iliyokuwa ikitumika katika transfoma za umeme, yalichanganyika na mafuta ya kutengenezea chakula cha mifugo. Kuku na mayai viliondolewa madukani, na mawaziri wawili walijiuzulu. Njia ya sumu ile ilikuwa chakula, lakini kwa kuku anayedonoa sakafu, sakafu nayo ni chakula.

Vitu vifuatavyo visitumike ndani ya banda:

Oili chafu ya magari. Ni rahisi kupatikana kwenye gereji na huzuia mchwa kwa muda. Lakini hubeba mabaki ya metali kutoka kwenye injini na masizi yenye kemikali zinazosababisha saratani. Haikauki kamwe. Hushika kwenye miguu na manyoya, huingia katika matandazo, na kutoka hapo huenda kwenye bustani pamoja na mbolea.

Mafuta ya transfoma. Transfoma za zamani huweza kuwa na PCB, mojawapo ya sumu 12 za mwanzo zilizoorodheshwa na Mkataba wa Stockholm ulioanza kutumika mwaka 2004. Mafuta hayo hayafai kupakwa popote, wala hayafai kupikia.

Vipande vya nguzo za umeme. Nguzo nyingi za mikaratusi hutibiwa kwa mafuta meusi ya lami au kwa mchanganyiko wa shaba, kromiamu na arseniki. Mchanganyiko huu wa pili huipa mbao rangi ya kijani inayofifia kwa miaka. Nchini Marekani, viwanda viliacha kuutumia kwa mbao za makazi mwishoni mwa mwaka 2003. Nguzo kama hiyo isipasuliwe kuwa sakafu ya kuku, na mabaki yake yasichomwe jikoni, kwa kuwa moshi na majivu yake hubeba arseniki.

Rangi ya zamani isiyojulikana. Rangi zilizotengenezwa kwa madini ya risasi hubanduka, kuku huzidonoa, na risasi hufika kwenye kiini cha yai. Kwa mtoto mdogo anayelishwa yai kila siku, hilo si jambo dogo.

Dawa za shambani. Sumu ya kunyunyizia pamba, kahawa au nyanya haikutengenezwa kwa ajili ya banda. Kuichanganya na mafuta ya taa na kuipaka mbao ni kuweka sumu mahali ambapo mayai hutagwa.

Hata mbao isiyopakwa na mfugaji mwenyewe inaweza kuleta madhara. Mwaka 1972, watafiti wa Uingereza waliandika katika jarida la Nature kuhusu nyama ya kuku iliyokuwa na ladha ya ukungu. Chanzo kilihusishwa na maranda ya mbao zilizotibiwa kwa kemikali za klorofenoli, ambazo kuvu katika matandazo walizigeuza kuwa kitu kingine chenye harufu mbaya. Somo lake ni kwamba maranda yachukuliwe kwa seremala anayejulikana, na aulizwe amepiga randa mbao gani.

Kuitayarisha na kuitibu mbao

Kazi huanza kabla ya msumari wa kwanza. Mbao mbichi iliyotoka kupasuliwa ikipigiliwa leo, itasinyaa na kuacha nyufa baada ya wiki chache, na kila ufa ni nyumba ya utitiri. Ipangwe kwa tabaka, na vijiti vyembamba vitenganishe tabaka moja na jingine, chini ya kivuli penye upepo, kwa wiki kadhaa. Unene wa sentimita 2.5 unatosha ikiwa mihimili ya chini haipiti umbali wa sentimita 40 hadi 50 kati yake. Mbao ya ndani ya mti, yenye rangi iliyokolea, hudumu kuliko ile nyeupe ya nje ambayo wadudu huipenda.

Miguu ya banda isifukiwe ardhini. Isimame juu ya mawe au matofali ya saruji, na kati ya jiwe na mguu uwekwe mfuniko wa bati uliojitokeza pande zote na kuinamishwa ukingo wake kuelekea chini. Mchwa hupenda kujenga vichuguu vyao gizani. Wakilazimika kuvizungusha juu ya bati, huonekana, na mfugaji huweza kuvivunja. Mfuniko mpana wa namna hiyo humsumbua panya pia. Kwa njia hii haja ya oili chafu kwenye miguu huondoka kabisa.

Sakafu ielekezwe kidogo, sentimita 2 kwa kila mita, upande wa mlango, ili maji ya kuoshea yatoke yenyewe.

Kwa kuitibu mbao, njia mbili ni salama zikifuatwa kwa uangalifu.

Njia ya kwanza ni mafuta ya kitani, yanayouzwa katika baadhi ya maduka ya rangi. Mafuta haya hukauka kwa kuungana na hewa na kuacha utando mgumu. Yapakwe mara mbili au tatu, kila mara kidogo, na ziada ifutwe baada ya nusu saa. Miisho ya mbao ipakwe zaidi, kwa kuwa maji huingia kwa kasi kupitia miisho kuliko kupitia uso. Inafaa kuzipaka pande zote mbili kabla ya kupigilia. Aina mbichi ndiyo bora ingawa hukawia kukauka. Aina iliyoongezwa dawa za kuharakisha ukaukaji ina metali kidogo, na hivyo isitumike ikiwa ile mbichi inapatikana. Kuku wasirudishwe hadi uso usinate kabisa na harufu iishe. Matambara yaliyotumika yasikunjwe na kuachwa pembeni, maana hupata joto yenyewe na huweza kuwaka moto. Yatandazwe nje hadi yakauke, au yaloweshwe maji.

Wakazi wa Rumonge, kitovu cha mawese nchini, huenda wakauliza kama mawese yanaweza kuchukua nafasi hiyo. Hayawezi. Mawese hayakauki kama mafuta ya kitani. Hubaki yakinata, huchacha, huvuta siafu na panya, na kuwapa kuvu chakula.

Njia ya pili ni chokaa iliyozimwa, ikikorogwa na maji hadi iwe na uzito wa maziwa mazito. Hupakwa kwa brashi mara mbili au tatu, na kusukumwa ndani ya kila ufa. Ukali wake huua vijidudu vingi inapokuwa mbichi, na ikikauka huziba matundu na kufanya utitiri uonekane upesi juu ya weupe. Anayenunua chokaa ambayo haijazimwa ajue kwamba huchemka inapokutana na maji. Ni lazima avae glavu na kukinga macho, na watoto wasikaribie. Kuku wasiingie mpaka chokaa ikauke kabisa, kwa sababu chokaa mbichi huunguza nyayo.

Chokaa haishiki juu ya mafuta. Kwa hiyo mwenye kujenga upya apake mafuta ya kitani kwenye sakafu na chokaa kwenye kuta. Mwenye banda la zamani ambalo mbao zake hazijapakwa kitu anaweza kutumia chokaa kila mahali.

Kifuniko: kiwe cha kuinuliwa

Kifuniko kizuri huzuia maji yasifike kwenye mbao, husafishika, na hakimpi mdudu maficho. Hakuna kinachotimiza yote kikamilifu, na kila kimoja kina masharti yake.

Zulia la plastiki lisilo na nyuzi, lile la kutandika sebuleni, ndilo linalofaa zaidi kwa gharama. Likatwe kwa kipande kimoja, kikubwa kuliko sakafu, ili kingo zipande ukutani sentimita 10 hadi 15 kama sinia. Lisipigiliwe misumari katikati wala lisigandishwe kwa gundi. Kila tundu la msumari huingiza mkojo na maji chini yake, na maji yakishaingia hayatoki. Mbao huoza gizani huku juu pakionekana safi. Kingo zibanwe kwa vijiti vyembamba vinavyofunguka, ili zulia liinuliwe kila baada ya miezi michache, likaguliwe na mbao zipate hewa.

Zulia tupu huteleza. Kifaranga anayekua juu ya sakafu yenye utelezi hupanuka miguu na kulemaa. Kwa hiyo lazima liwe na matandazo juu yake wakati wote.

Bati bapa halioshwi kwa shida, lakini huwa baridi usiku katika nyanda za juu kama Mwaro na Muramvya, na amonia pamoja na unyevu hulitoboa kwa kutu. Kingo zake zikunjwe zisikate nyayo.

Turubai na magunia ya plastiki yenye nyuzi za kufumwa yaepukwe. Yakichakaa hutoa nyuzi ndefu, kuku huzimeza, na huziba gole.

Saruji nyembamba iliyomwagwa juu ya mbao haidumu. Mbao huvimba na kusinyaa kwa majira, saruji haiwezi kuifuata, nayo hupasuka na kushika maji ndani ya nyufa.

Chini ya vichanja vya kulalia, ambako kinyesi cha usiku huangukia, iwekwe mbao au sinia pana inayotolewa. Kikikwanguliwa kila asubuhi, sehemu kubwa ya maji yaliyohesabiwa hapo juu huondoka kabla ya kugusa sakafu. Kazi hiyo ya dakika chache ina faida kuliko dawa yoyote ya dukani.

Matandazo juu ya mbao si sawa na matandazo juu ya udongo

Vitabu vingi vya ufugaji hushauri matandazo ya kina kirefu, yanayorundikwa kwa miezi na kuachwa yajiozee kuwa mbolea. Shauri hilo hufaa kwenye sakafu ya udongo au saruji. Juu ya mbao ni kinyume, kwa kuwa matandazo hayawezi kuoza bila unyevu, na unyevu unaoyaozesha ndio unaoozesha mbao. Juu ya mbao yawekwe matandazo makavu ya sentimita 5 hadi 10, yageuzwe mara kwa mara na kubadilishwa kabla hayajashikana. Kuozesha kufanyike nje, kwenye lundo la mbolea.

Pumba ngumu za mpunga, zinazopatikana kwa wingi kwenye mashine za kukobolea za Imbo, ni nyepesi na hukauka haraka. Maranda ya mbao hunywa maji vizuri zaidi. Maganda makavu ya kahawa hutumika pia, mradi hayana ukungu. Vumbi la mbao ni laini mno: vifaranga hulila, na huingia kwenye mapafu. Majani makavu yakatwe vipande vifupi, vinginevyo hushikana kama mkeka na kufungia unyevu chini.

Kitu chochote chenye ukungu kikataliwe hata kikitolewa bure. Mbegu za kuvu huingia katika mapafu ya vifaranga na kuwaua, na hakuna tiba rahisi ya hilo.

Kupima unyevu kunahitaji mkono tu. Chukua konzi ya matandazo na ukamue. Yakibaki donge, yamelowa na yabadilishwe. Yakishikana kidogo kisha yakavunjika, yako sawa. Yakitimka vumbi, yamekauka mno, na yanyunyiziwe maji kidogo sana au yachanganywe na mapya. Chombo cha maji kiinuliwe hadi usawa wa mgongo wa kuku, na chini yake iwekwe karai yenye wavu juu ili kupokea yanayomwagika.

Sakafu yenye nafasi

Wafugaji wengine hupigilia fito kwa kuacha nafasi za kiasi cha sentimita 2 hadi 2.5, ili kinyesi kianguke chini. Kuku wazima hawakanyagi kinyesi chao, na koksidiosi hupungua. Lakini sakafu hii haifai kwa vifaranga, ambao miguu yao hunasa, na ni baridi katika nyanda za juu. Fito ziwe na kingo laini, kwa sababu kingo kali na vibanzi huchubua nyayo na kuleta jipu. Kilicho chini kizolewe angalau mara moja kwa wiki, kabla funza wa nzi hawajakomaa. Kwa nyumba za mjini zilizobanana, jirani atahisi harufu mapema kuliko mwenye banda.

Ikiwa sakafu imekwisha kupakwa oili

Wengi watakaosoma makala hii huenda banda lao tayari ni jeusi kwa oili chafu. Hatua bora ni kubadilisha mbao za sakafu. Ikiwa fedha haziruhusu, matandazo yote yaliyogusana na oili yaondolewe na yasipelekwe bustanini. Uso ukwanguliwe, na mabaki yafungwe katika mfuko, yasichomwe wala kumwagwa mtoni. Kisha sakafu ifunikwe kwa zulia zima la plastiki lililopanda kingo, na udongo uliolowa oili kuzunguka miguu ya banda uchimbwe na kufunikwa kwa mawe ili kuku wasiuparue. Mbao zilizotolewa zisitumike kuwa kuni.

Kalenda ya mfugaji

Kila asubuhi: kwangua sinia ya chini ya vichanja, na kausha mahali palipomwagika maji.

Kila wiki: geuza matandazo, pima kwa konzi, ondoa mabonge. Kagua nyufa kwa tochi usiku, saa ambayo utitiri hutoka.

Kila miezi mitatu: ondoa matandazo yote, inua zulia, na choma mbao kwa ncha ya kisu. Ncha ikizama kwa urahisi, mbao hiyo imeanza kuoza na ibadilishwe pekee yake kabla haijaambukiza nyingine.

Kati ya Juni na Agosti: huu ndio wakati wa kazi kubwa. Ondoa kuku kwa siku kadhaa, osha kwa maji ya moto yanayochemka hasa kwenye nyufa, acha jua na upepo vikaushe hadi ndani, ziba nyufa, kisha paka chokaa au mafuta. Mbao inayopakwa ikiwa na unyevu hufungiwa maji ndani yake.

Septemba, kabla ya mvua: kagua paa, mifuniko ya bati kwenye miguu na mteremko wa sakafu. Rudia ukaguzi huo mwishoni mwa Januari.

Anayefanya kazi hizi afunge kitambaa puani, kwa kuwa vumbi la kinyesi hudhuru mapafu, na anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula au kumshika mtoto. Kuku wakianza kufa ghafla, wakihara damu au kupauka vishungi kwa pamoja, aitwe daktari wa mifugo wa tarafa. Sakafu nzuri hupunguza magonjwa, lakini haichukui nafasi ya chanjo ya kideri wala ya matibabu.

Kwa gharama, karibu yote yaliyotajwa hapa ni nafuu kuliko kundi moja la vifaranga waliokufa: mawe manne, vipande vya bati, zulia la plastiki, gunia la pumba za mpunga na ndoo ya chokaa. Oili chafu hupatikana bure kwenye gereji, lakini gharama yake huja baadaye, kwenye sahani ya mtoto.